BUNDI HANA KISIRANI: SOMO JUU YA NDEGE WA USIKU NA ITIKADI ZETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana na wa kila kiendacho ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu wasomaji, somo letu la mara hii lahusu ndege. Huenda baadhi yenu mkauliza: Je, darsa imekwisha mas'ala ya Sala na Zaka hata ikaja kutufundisha habari za bundi? Jawabu yetu ni kuwa nyumba haibomolewi kwa nyundo tu. Mara nyingi huliwa na mchwa polepole, na mwenyewe amelala. Mtu aweza kusali sala tano, akafunga Ramadhani na akatoa sadaka, kisha usiku mmoja sauti ya ndege juu ya bati ikamtoa katika kumtegemea Mola wake na kumpeleka mlangoni kwa mpiga ramli. Huyo mchwa ndiye tutakayemtafuta leo.

KISA CHA YAMUMBI

Yamumbi ni kitongoji kilicho pembeni mwa mji wa Eldoret, katika kaunti ya Uasin Gishu, mwendo wa karibu kilomita 800 kutoka Mombasa. Ni nchi ya juu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku wake ni wa baridi, na ardhi yake ni ardhi ya mahindi. Mahindi hayo hupandwa mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza, na mwishoni mwa mwaka huvunwa yakatiwa ghalani. Na penye ghala ya mahindi pana panya, na penye panya pana bundi.

Msimu mmoja wa mavuno nilikuwa mgeni wa ndugu yetu mmoja huko, mtu wa pwani aliyehamia kwa ajili ya biashara. Nilimkuta na huzuni. Mwanawe wa miaka minne alikuwa na homa na kifua kikimbana. Siku mbili zilikuwa zimekwisha kupita, na dawa aliyopewa mtoto ilikuwa ni maji ya kombe na uzi uliofungwa mkononi.

Usiku ule, baada ya Isha, tukasikia juu ya paa la ghala ukelele mkali, mrefu, wa kukwaruza, kama mtu apasuaye jora la nguo kwa mikono miwili. Mwenyeji wangu akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shehe, ndege huyu si bure. Huu ni usiku wake wa tatu."

Sitawaficha jambo. Mimi niandikaye maneno haya, niliyesoma hadithi za mlango huu mbele ya masheikh zangu tangu udogoni, niliposikia sauti ile moyo wangu uliruka. Nilimkumbuka bibi yetu, Mola amrehemu, ambaye kila aliposikia bundi alikuwa akitupa chumvi katika seredani na kusema, "Pita, sisi hatumo." Elimu ilikuwa kichwani mwangu, lakini chumvi ya bibi ilikuwa bado imo kifuani. Nalisema haya ili msidhani kuwa somo hili latoka kwa mtu aliye juu likiwaendea watu walio chini.

Asubuhi yakaonekana madonge matatu meusi mbele ya mlango wa ghala, kila moja kama kidole gumba cha mtu mzima, yamesokotwa kwa manyoya na ndani yake mna mifupa midogo midogo. Shemeji wa mwenyeji wangu akapiga kelele kuwa huo ni uchawi, tena umetegwa. Kando ya ghala ile pana ua, na nyuma ya ua hukaa bibi mzee mjane, Mkikuyu, ambaye kuku wake walikuwa wamewahi kuleta ugomvi baina ya nyumba mbili hizi. Adhuhuri haijaadhiniwa, jina la bibi yule lilikwisha tajwa. Kulikuwa na vijana wenye mawe ya kumpiga bundi, na kulikuwa na shauri la kwenda kumleta mganga aje "amfichue mwenye ndege."

Ndugu zangu, yafahamuni mahali pale. Eneo la Eldoret liliona majirani wakigeukiana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, lilichomwa moto na ndani yake wamo watu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto. Katika nchi kama hiyo, kumtaja jirani kuwa ndiye adui aliyeleta mauti si maneno ya baraza. Ni kiberiti.

Nikamwambia mwenyeji wangu, "Ndugu yangu, twende kwanza hospitali, kisha tutarudi tulizungumze hili la ndege." Akakubali kwa shida. Daktari akampima mtoto akasema ni homa ya mapafu, na akatulaumu kwa siku zile mbili zilizopotea. Mtoto akalazwa, akatibiwa, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu akapona.

Lakini tahadharini hapa. Msiseme, "Mtoto alipona, basi bundi hakuwa na kisirani." Lau mtoto yule angekufa, hukumu ingekuwa ni ile ile. Ajali yake ingekuwa imefika kwa kudra ya Mola wake, na sababu yake ni homa ya mapafu na kuchelewa kwetu, wala ndege asingekuwa na sehemu hata ya punje. Haki haithibitiki kwa kupona wala haibatiliki kwa kufa.

Tuliporudi niliomba karai la maji. Nikayatia madonge yale ndani, nikayafungua kwa kijiti mbele ya watu wote. Manyoya yakaachana, na mifupa ikatua chini: mafuvu manne ya panya, yenye meno ya mbele marefu ya rangi ya manjano, na taya, na mbavu nyembamba kama sindano. Hamkuwa na sanda wala hirizi wala jina la mtu. Yule shemeji akainama, akatazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni panya wetu." Nikamwambia, "Ndiyo, ni panya wenu, waliokuwa wakila mahindi yenu."

Jioni tulikwenda mimi na mwenyeji wangu kwa yule bibi kumtaka radhi, kwani yaliyosemwa uani alikuwa ameyasikia. Akatukaribisha, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu shehe, mimi nami nilimsikia ndege huyo siku tatu. Nilidhani amekuja kuniita mimi." Kwao bundi huitwa ndundu, na wazee wao humwogopa kama walivyomwogopa wazee wetu. Ndege mmoja, paa moja, na nyumba mbili zilizolala macho, kila moja ikidhani kwamba imetumiwa mauti, na moja ikidhani kwamba mauti hayo yametumwa na nyingine!

ITIKADI HII ILIKUWAKO KABLA YA UISLAMU

Wako wasemao kuwa haya ni mambo ya wazee wetu wa Kiswahili. La, haya ni ya ujahilia wa kale, na Mtume (S.A.W.) aliyakuta kwa Waarabu akayavunja. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, miongoni mwa mambo aliyoyakanusha Mtume ni tiyara, nayo ni kutabiri kheri na shari kwa ndege, na akakanusha pia hama.

Hama ni nini? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim tafsiri mbili. Ya kwanza ni kuwa hama ni ndege wa usiku ajulikanaye, nao husema ni bundi; alipotua juu ya nyumba ya mmoja wao, mwenye nyumba aliona kuwa amekuja kumtangazia mauti yake au ya mtu wa nyumbani mwake. Na hiyo ndiyo tafsiri ya Imam Malik. Ya pili ni kuwa Waarabu walidai kuwa mifupa ya maiti, au roho yake, hugeuka ndege arukaye. Tena wakisema kuwa mtu akiuawa asilipiziwe kisasi, ndege huyo hukaa akilia kwa kiu mpaka damu imwagwe.

Zitazameni tafsiri mbili hizo kwa makini. Katika ya kwanza bundi huleta hofu nyumbani. Katika ya pili huleta kisasi baina ya watu. Na haya mawili ndiyo yaliyokuwa yakipikwa pale Yamumbi, baada ya zaidi ya miaka 1,400. Mtume alipolikanusha jambo hili hakuwa akikataza upuuzi wa wazee tu. Alikuwa akizuia damu.

Na alipofariki mwanawe Ibrahim, katika mwaka wa kumi wa Hijra, jua likapatwa siku ile ile, watu wakasema kuwa limepatwa kwa ajili ya mauti yake. Ilikuwa fursa kubwa kwa mtu mwongo kujitukuza. Lakini Mtume, na yeye katika huzuni ya kufiwa, aliwakataza, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Basi ikiwa jua halikuomboleza kwa mwana wa Mtume, bundi atakuwaje na habari za mauti ya mimi na wewe?

NDEGE WA KILA MTU

Katika Kurani Tukufu yametajwa mataifa yaliyowatupia Mitume nuhusi zao: watu wa Firauni kwa Musa, Thamudi kwa Saleh, na watu wa ule mji uliotajwa katika Sura Yasin. Wote walipofikwa na shida walisema imetokana na hawa. Na jawabu waliyopewa ilirudi kwao wenyewe. Tena katika Sura Al-Israa, aya ya 13, Mola wetu atufahamisha kuwa kila mtu ndege wake amefungwa shingoni mwake, na wafasiri wamesema kuwa ndege huyo ni amali yake. Hii ni balagha ya ajabu. Waarabu walikuwa wakitazama juu kutafuta ndege wa bahati yao, wakaambiwa wateremshe macho: ndege wenu yu shingoni mwenu, ni matendo yenu.

Nasi Waswahili twasema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Baba aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali, na mwenye ghala asiyeziba matundu, na jirani aliyeshindwa kupatana kwa ajili ya kuku, wote hao humhitaji bundi. Asipokuwako watamtafuta paka mweusi.

Ama yule ambaye moyo wake huruka kama ulivyoruka wangu, asikate tamaa. Muawiya bin Al-Hakam alimweleza Mtume kuwa miongoni mwao wako watu watabirio kwa ndege, naye akamjibu kuwa hicho ni kitu wakionacho vifuani mwao, basi kisiwazuie na jambo lao. Na katika Hadithi ya Ibn Masud iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi, tiyara imeitwa shirki, kisha ikaelezwa kuwa hakuna asiyepitiwa na kitu moyoni, lakini Mwenyezi Mungu hukiondoa kwa tawakkuli. Kwa hiyo dhambi si ule mshtuko wa kwanza. Dhambi ni kule kuufuata: kurudi safari, kuvunja posa, kwenda kwa mganga, kumtaja jirani.

MATAIFA MENGINE WALIMWONAJE?

Lau bundi angekuwa na shari katika dhati yake, shari hiyo ingejulikana kwa watu wote, kama moto unavyojulikana kuwa huchoma. Hebu tutazame waliyoyachora na kuyachonga watu mbalimbali. Mas'ala ya picha za viumbe wenye roho wanavyuoni wamehitilafiana ndani yake, na si hapa pa kuyaamua. Hapa twazichukua kama ushahidi wa tarehe tu.

Huko Ufaransa, katika pango la Chauvet lililogunduliwa mwaka 1994, pana bundi aliyechorwa ukutani kwa ncha ya kidole au kijiti na watu walioishi zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Amewageuzia watazamaji uso na mgongo kwa pamoja. Wamisri wa kale walimfanya bundi kuwa herufi: katika maandishi yao ya picha, bundi ni sauti ya "m." Hebu fikirini, karani wa Firauni alikuwa akiandika bundi mara nyingi kwa siku moja, wala kalamu haikumwanguka mkononi! Wayunani wa Athens waliokuwa wakiabudu masanamu walimfanya kuwa alama ya hekima, na miaka 2,500 iliyopita walimpiga chapa juu ya sarafu zao za fedha. Hata leo sarafu ya euro 1 ya Ugiriki ina sura ya sarafu ile ya kale. Mfanyabiashara wa Athens alipopata bundi wengi mfukoni alifurahi.

Basi bundi mmoja huyu kwa hawa ni hekima, kwa wale ni herufi, kwa hawa ni mauti. Yeye hakubadilika, waliobadilika ni watazamaji. Tena kumtukuza kwa hekima na kumwogopa kwa nuhusi ni kosa moja lenye nyuso mbili, kwani katika yote mawili kiumbe amepewa kisicho chake.

Na Waislamu walimwandika vipi? Katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya pili ya Hijra, mna mlango wa vita vya bundi na kunguru. Bundi humo si wachawi. Ni taifa lenye mfalme na mawaziri, na waziri mmoja miongoni mwao ndiye pekee aliyemtambua jasusi wa kunguru, lakini mfalme hakumsikiliza, wakaangamia. Na Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 808 wa Hijra (1405), alipoandika kitabu chake kikubwa cha wanyama alimpa bundi mlango wake pamoja na wanyama wengine.

Lakini kisa nikipendacho zaidi ni kile alichokitunga Nizami, mshairi wa Ganja. Mfalme Nushirwani wa Uajemi alitoka kuwinda pamoja na waziri wake, wakafika kwenye kijiji kilichokuwa gofu, na juu ya ukuta wapo bundi wawili wakilizana. Mfalme akauliza wasemayo. Waziri akamweleza kuwa mmoja anamposa binti wa mwenziwe, na baba wa binti ataka mahari ya kijiji hiki kilichobomoka na vingine mfano wake. Na mposaji amejibu kuwa hilo si zito, maana mfalme huyu akiendelea kudhulumu kama afanyavyo, atampa magofu kwa maelfu. Mfalme akalia, akarudi katika uadilifu. Kisa hiki kilichorwa kwa uzuri mkubwa katika nakala iliyoandikwa Tabriz kwa ajili ya Shah Tahmasp baina ya mwaka 1539 na 1543, na nakala hiyo imehifadhiwa London katika Maktaba ya Uingereza.

Mwaiona hekima yake? Mjinga akimwona bundi juu ya gofu husema, "Bundi ndiye aliyeleta uharibifu." Waziri yule alisema, "Uharibifu ndio uliomleta bundi, na uharibifu umeletwa na dhuluma yako." Ndivyo ilivyokuwa Yamumbi. Si bundi aliyeleta msiba ghalani. Ni panya waliomleta bundi.

MAUMBILE YAKE

Sasa tumtazame kama alivyoumbwa, kwani kutafakari katika viumbe ni ibada. Katika Sura Al-An'am, aya ya 38, tumefundishwa kuwa ndege warukao kwa mbawa zao ni umati kama sisi.

Bundi wa ghalani ni mweupe upande wa kifua, na uso wake una umbo la moyo. Uso huo ni kama kiganja kilichowekwa nyuma ya sikio: hukusanya sauti. Masikio yake hayakulingana, moja liko juu kidogo kuliko la pili, na kwa tofauti hiyo hupima sauti imetoka wapi, juu au chini, kulia au kushoto. Wataalamu wamemjaribu katika chumba chenye giza totoro, akamkamata panya kwa kusikia tu. Macho yake ni makubwa wala hayazunguki ndani ya vitundu vyake kama yetu. Kwa hiyo amepewa shingo ya pingili 14, ilhali ya mwanadamu ina pingili saba, hata aweza kuuzungusha uso wake robo tatu za duara. Ncha za manyoya ya mbawa zake zina meno kama chanuo na pindo laini kama mahameli, zikaukata upepo bila ya kishindo. Ndiyo maana hutokea ghafla mbele ya mtu bila ya kusikika, na mwenye hofu akasema ni jini.

Ama yale madonge, bundi humeza panya mzima mzima. Nyama humeng'enywa, na manyoya na mifupa isiyomeng'enyeka husokotwa tumboni ikatapikwa. Huo ndio "uchawi" uliotegwa mlangoni. Na ule ukelele ndio sauti yake ya kuzaliwa nayo, kama jogoo alivyopewa yake. Watu wetu wa pwani walimpa bundi mmoja jina la kipasuasanda, kwa kuwa sauti yake ni ya nguo ipasukayo. Sikio lilisikia sawasawa: ni kweli ni kama nguo. Ni moyo ndio ulioongeza kuwa nguo hiyo ni sanda.

Mtauliza: Mbona hulia penye nyumba ya mgonjwa? Fikirini. Usiku ambao nyote ni wazima mmelala, na bundi hulia asisikiwe. Usiku wa mgonjwa mko macho, taa inawaka, wadudu waizunguka, na kila sauti huingia. Kisha mgonjwa akifa, kilio kile husimuliwa miaka. Akipona, husahauliwa asubuhi. Mwenye shaka na aandike: kila asikiapo bundi atie alama, na kila mtu afapo mtaani atie alama, mwaka mzima. Daftari itamfundisha.

HUKUMU NA MASLAHA

Kwa sheria, bundi haliwi, kwa kuwa yumo katika ndege wenye kucha za kuwindia waliokatazwa kuliwa. Lakini kutoliwa si ruhusa ya kupigwa mawe. Mtume alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na aliamuru ndege mama arudishiwe makinda yake yaliyochukuliwa.

Na hapa pana nukta ya kuzingatia. Katika Hadithi ya Bibi Aisha wametajwa wanyama watano waharibifu wauawao hata ndani ya Haram ya Makka: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mwenye kichaa. Panya yumo. Bundi hayumo. Sisi tumeigeuza kadhia: twamwua askari na kumlinda mwizi! Familia moja ya bundi hukadiriwa kula panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Huko Malaysia, nchi ya Waislamu, wenye mashamba ya michikichi tangu miaka ya 1980 wamewatengenezea bundi masanduku ya kutagia ili wawapunguzie panya. Na mwenye kutumia sumu ya panya ajue kuwa panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye aweza kufa. Kisha panya waliobaki huzaana pasipo mlinzi.

Wala habari hii si ya bara peke yake. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, yuko bundi mdogo wa urefu wa sentimita 16 tu, aliyejulikana na wataalamu mwaka 1965. Hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya na huko Usambara. Na Pemba wanaye bundi wao asiyepatikana popote duniani ila Pemba, akaaye katika msitu wa Ngezi na hata katika mikarafuu, naye chakula chake ni wadudu. Mwenyezi Mungu ametuwekea sisi watu wa pwani amana ambayo hakuwapa wengine, nasi twaikaribisha kwa mawe.

Na katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi aliko bundi huyo adimu, wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, kwa sababu ya mvi na macho mekundu. Hata Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia wana wao wenyewe. Baadhi ya waliouana hivyo walianza kwa jambo dogo: mtoto kaugua, ndege kalia, jina likatajwa. Kwa hiyo asiniambie mtu kuwa chumvi ya bibi katika seredani haina madhara.

YATUPASAYO

Kwanza, usikiapo bundi na moyo ukashtuka, mkumbuke Mola wako, ukiri kuwa hakuna kheri ila itokayo kwake wala mwenye kuondoa shari ila Yeye, kisha uendelee na jambo lako.

Pili, mgonjwa apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Dua na tiba ni ndugu wawili. Ramli si jamaa yao.

Tatu, mtoto akiuliza bundi ni nini, aambiwe ukweli. Tukimtia hofu leo, kesho atamrithisha mwanawe.

Nne, jina la jirani lisitajwe kwa dhana. Na aliyekwisha litaja aende akatake radhi mwenyewe, kwa miguu yake, kama alivyokwenda mwenyeji wangu.

Nilipoondoka Yamumbi bundi yule alikuwa bado yuko ghalani. Mwenyeji wangu amelipasua tundu la bati likawa mlango wake, na yule bibi mjane amekuwa akiwaambia wajukuu zake wasimrushie mawe. Usiku wa mwisho nilimsikia tena. Moyo wangu uliruka kidogo, siwezi kukanusha. Nikasema Alhamdulillahi, nikalala.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

MASWALI YA DARSA

1. Ni ipi tofauti baina ya mshtuko wa moyo na tiyara iliyokatazwa?
2. Eleza tafsiri mbili za hama, na madhara ya kila moja katika jamii.
3. Kwa nini haifai kusema kuwa kupona kwa mtoto ndiko kulikothibitisha kuwa bundi hana kisirani?
4. Taja mambo matatu ya nyumbani kwenu yafanywayo kwa kuogopa nuhusi, na useme utakavyoyaondoa kwa upole.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.